Bunduki ya nkambo na kartushi bila plombi: soma kanoni mbele ya kusoma bwate

Mu Lubumbashi familia mingi bado iko na kalibre 12 ya nkambo, ile ya kanoni mbili pembeni kwa pembeni, ya Liège ao ya Saint-Étienne, iliingiaka Katanga wakati ya Babeleji na mpaka leo inalala mu kabati na karatasi zake. Siku hizi batu banaanza kuuliza kama inawezekana kuacha plombi, ile metali laini ya chembe zenye ziko ndani ya kartushi, na kupiga na kartushi ya kitu ingine. Inawezekana, lakini hapana na kartushi yoyote yenye utakuta. Batu mingi banaanza na swali ya "marke gani njo ya muzuri", mi naona banaanza mbaya, swali ya kwanza ni bunduki yenyewe inaweza kubeba nini. Plombi ni laini, miaka yote ilikuwa inasamehe bunduki mambo mingi: choki (mdomo ya kanoni) ya kukaza, kanoni ya ukuta mwembamba, bura ya karatasi (kile kizibo kati ya baruti na chembe). Ukiitoa, ile mambo yote inatokea.

Kwanza juu ya nini kuiacha, nasema haraka. Chembe ya plombi ikigonga mufupa inapasuka na kuacha vipande vidogo sana vyenye jicho haioni, vinasambaa mu nyama mbali na tundu. OMS, shirika ya afya ya dunia, inasema hakuna kiasi ya plombi mu mwili yenye inajulikana kuwa salama, na batoto na mama mwenye mimba njo banaumia zaidi juu inaharibu ubongo yenye ingali inajengwa. Na sisi kanga tunaipika na tomati na ndimu, sasa asidi inasaidia plombi itoke mu chembe iingie mu muchuzi. Tena hapa kwetu tuko na metali mingi mu vumbi na udongo juu ya viwanda vya kuyeyusha, mu 2009 bachunguzi ba UNILU (université ya Lubumbashi) pamoja na ba université ya Leuven, Ubelgiji, balitoa kazi yenye ilionyesha kobalti na metali zingine, plombi pia, mu mukojo ya batu ba Katanga. Hatuna sababu ya kuongeza ingine mu sahani. Ndege nazo banakufa: bata wa maji na kanga banamezaka changarawe ya kusagia chakula mu firigisi, chembe zenye zilianguka mu matope banazimeza vilevile. Njo maana Marekani ilikataza plombi ku windaji ya bata mu inchi muzima tangu 1991, Denmark ikafunga kartushi za plombi 1996, na Umoja wa Ulaya umeikataza mu maeneo ya maji na matope tangu 15 Februari 2023. Sisi tuko na bonde ya Lufira, na ziwa Tshangalele ndani, yenye iko mu liste ya Ramsar (ile ya maeneo ya maji yenye dunia inapashwa kulinda) tangu 2017, basi haiko habari ya Bazungu peke yao.

Sasa tushike bunduki. Fungua, hakikisha shambre zote mbili (fasi kartushi inalalaka) ziko tupu, angalia na macho na uingize kidole, kisha toa mbao ya mbele na ushushe kanoni. Geuza kanoni tumbo juu. Pale chini, upande wenye unafichwaka, njo karatasi ya kweli ya bunduki yako iko, kuliko hata ile ya mu kabati.

Kama ni ya Liège utaona duara ya yai yenye ndani iko na ELG na nyota, mara mingi na taji juu. Ile ni alama ya nyumba ya kupima bunduki, inafanya kazi kule tangu 1672. Lakini ile peke yake haitoshi. Tafuta PV na simba juu yake. PV inasema kanoni ilipimwa na baruti ya kisasa, ile haina moshi. Kama ni ya Saint-Étienne unatafuta PT na taji. Kama ni ya Uingereza unatafuta NP ao "nitro proof". Ukikosa kabisa alama ya namna ile, hesabu kama bunduki yako ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, na hakuna kartushi ya magazini ya leo yenye inaifaa, ikuwe na plombi ao bila plombi. Usitafute njia ya kupita pale. Alama zikifutika juu ya kutu ao mutu alipiga limu, hesabu kama hazikuwepo.

Angalia tena ngozi ya kanoni mu jua. Kama unaona mistari inazunguka kama nywele zilisukwa, ile ni kanoni ya damasi: balichukua vyuma vyembamba vya namna mbili, bakavisokota pamoja mu moto. Ni ya kupendeza sana, na Liège ilitengeneza mingi mno. Ziko za damasi zenye zilipimwa na PV na zikapita, lakini kutu inaweza kula ndani ya viungo bila mutu kuona inje, basi ya damasi usiipige paka kama fundi wa bunduki amepima unene ya ukuta. Na chembe za chuma mu damasi, hapana hata siku moja.

Kisha choki, maana yake pale mdomo ya kanoni inapunguka. Ba muzee balipenda choki ya kukaza sana, milimita moja muzima ao karibu, juu plombi inapita pale kwa kujibana. Ku kanoni ya Liège inaandikwaka "choke" na namba mbili, tuseme 18.4 na 17.4, ya kwanza ni upana ya kanoni, ya pili ni upana ya mdomo, toa moja ku ingine unapata ukazaji. Nusu-choki ni kama nusu milimita. Ukikuta "non pour balle", ile balikataza risasi nzima moja, na mara mingi inakuonyesha mdomo iko ya kukaza. Namba hazionekani? Fundi iko na kipimo, haichukue dakika tano.

Hapa kwenye shambre nitakaa kidogo, juu njo fasi batu banajidanganya. Kalibre 12 ya zamani mingi shambre yake iko 65 milimita. Ya leo iko 70 ao 76. Urefu yenye imeandikwa ku kartushi ni urefu kisha kupigwa, wakati mdomo yake imefunguka. Kartushi ya 70 mbele ya kupigwa iko na karibu 58 tu, basi inaingia bila shida mu shambre ya 65, unafunga, inalia klak, unasema iko bien. Sasa ukipiga ile mdomo inafunguka mule kanoni inaanza kuwa mwembamba, njia inafinywa, presio inapanda. Pengine hakuna kitu utaona siku ile, bunduki inaruka ku bega zaidi kidogo basi. Lakini ukirudilia, viungo vinalegea, na ku kanoni yenye kutu ilishaila ndani, ile njo siku mutu anapoteza vidole. Kwa hiyo "iliingia" haiko jibu.

Angalia ku alama: Liège banaweka almasi yenye iko na 12 na C, na ku zile za nyuma kidogo urefu ya shambre imeandikwa pia, 65 ao 70. Kama urefu haiko, chukua kama ni 65. Ukitaka kupima mu nyumba, kata kipande ya bati ya kunyooka yenye upana ya milimita 20 na kidogo, chora milimita ku mbavu yake, iingize polepole mu shambre tupu mpaka isimame, soma pale. Inakupa makisio tu, kipimo ya fundi njo inaamua. Na fundi akikuambia atakuongezea shambre iwe 70 kwa dola kidogo, kataa, juu anakula chuma pale presio iko kubwa zaidi na ile alama za Liège hazina maana tena.

Mbele ya kurudisha kanoni, uitundike ku kidole kwa ule ndoano wa chini, uipige kidogo na kipande ya mbao. Ikilia wazi na sauti ikabaki, soda (ile metali yenye inashikanisha kanoni mbili) iko muzuri. Ikilia ya kufa, ya kutetema, ule ubao wa chuma katikati ya kanoni mbili umeanza kuachia. Ile ni ya fundi, hapana ya kupigwa.

Sasa tunaweza kuongea kartushi.

Chuma, kule ku bwate banaandika "acier" ao "billes d'acier", ni ya bei ya chini na njo utaikuta zaidi. Ku vitabu vya C.I.P., ile komisio ya kupima bunduki yenye ilianzia Liège mu 1914, chuma ya kawaida yenye presio haipite bar 740 inaweza kupigwa mu bunduki yenye ilipimwa kwa baruti ya kisasa kama shambre inatosha na choki haikazi. Naijua ile sheria, na bado nasema usifanye na bunduki ya nkambo. Ile kanuni iko na bunduki yenye hali yake ni muzuri mu kichwa, hapana kanoni ya miaka 90 yenye ililala mvua ngapi hatujue. Chembe ya chuma haijibane, ikifika ku choki ya kukaza zote pamoja zinasukuma ukuta inje, na utaona pete inavimba karibu na mdomo. Ikipita bila bura ya plastiki ya nene inachora kanoni ndani. Tena chuma inaruka sana ikigonga kitu kigumu, na sisi pori yetu imejaa vichuguu vikubwa vyenye vilikauka na mawe ya laterite, mwenzako anaweza kusimama fasi mbaya. Ukikuta "haute performance", ao ua ya lis, ao namba 1370, ile ni presio mpaka bar 1050, ni ya bunduki ingine kabisa, usiibebe hata kwa kujaribu.

Bismuti, metali ingine, njo jibu ya batu mingi. Ni laini, inapita ku choki karibu sawa na plombi, haichore kanoni, na inapatikana mu kartushi za 65 zenye presio ya kawaida, na bura ya plastiki ao ya nyuzi. Uzito yake ni karibu gramu 9.6 ku santimita kibiki, plombi iko 11.3 na chuma 7.8, kwa hiyo inaenda mbali kuliko chuma lakini kidogo chini ya plombi. Shida yake ya kwanza ni bei, kali kabisa, mara mingi ya plombi. Shida ya pili inapasukaka, chembe zingine zinavunjika. Mi naona bei isikuogopeshe sana: mutu mwenye iko na bunduki ya namna hii hapigi kila wiki, anapiga mara kidogo mu mwaka, bwate moja inamufikisha mbali. Mwenye anataka kupiga mingi anunue bunduki ya leo, amuache muzee apumuzike.

Tungsteni, metali ya nzito sana, ziko namna mbili na usizichanganye. Ile ya "matrix", unga ya tungsteni imeshikwa na plastiki, ni laini, uzito inakaribia ya plombi, na ilitengenezwa kabisa kwa bunduki za zamani. Ukiipata mu urefu yako na ukiweza kulipa, chukua. Ile ingine ngumu, yenye uzito ya 18, inapita hata chuma kwa ugumu, mu bunduki ya nkambo haina fasi. Shaba iko katikati, uzito 8.9, laini kuliko chuma lakini ngumu kuliko bismuti, mi ningeitumia paka mu bunduki yenye choki kidogo na ukuta yenye fundi alipima. Na mtu asikuletee mawazo ya zinki juu Kipushi iko karibu: zinki ni nyepesi, na ndege akiimeza inamuua pia.

Namba ya chembe nayo inadanganya, kila inchi iko na yake. Namba 6 ya Ufaransa iko 2.75 milimita, ya Uingereza 2.6, ya Marekani karibu 2.8. Soma milimita ku bwate, acha namba. Kama ulizoea plombi ya 2.75 kwa kanga, chukua bismuti ya 3 ao kidogo juu, ili irudishe ile uzito yenye imepotea. Kwa kware 2.5 inatosha. Na punguza umbali, mita 30 mpaka 35, bunduki na wewe mwenyewe mutakuwa na amani.

Gramu nazo. Ku kalibre 12 ya 65 kaa ku 28 ao chini. Ku kalibre 16 kaa ku 24 mpaka 27. Gramu 32, 34, 36, zile "magnum" zenye mutu anakuuzia akisema zinapiga kwa nguvu, nguvu ile inarudi pia ku bega yako na ku viungo vya bunduki.

Mu magazini mara mingi utakuta kartushi zimemwagwa mu ndoo bila bwate. Kwa bunduki ya zamani usinunue vile. Lakini kama uko nazo mu nyumba na unataka kujua ndani iko nini, beba sumaku. Iweke ku plastiki, pale katikati, hapana ku kitako ya njano juu kitako ingine ni chuma na itakamata kila mara. Ikikamata ku plastiki, ndani ni chuma. Isipokamata inaweza kuwa plombi ao bismuti ao shaba, sumaku haitakuambia zaidi. Na rangi usiiamini, chembe nyekundu mara mingi ni plombi yenye ilipakwa shaba, "cuivré" haiko sawa na "cuivre". Unatafuta maneno "sans plomb" ao "bismuth" yameandikwa wazi, pamoja na urefu na gramu. Kartushi za MACC za Pointe-Noire zenye zimezunguka Afrika ya kati miaka mingi ni za plombi, zile usizihesabu mu habari hii.

Kitu ingine na hapa nitaongea kwa ukali. Ziko batu banafungua kartushi, banatoa plombi, banajaza bii za rulema ya bisikileti ao vipande vya kabo ya shaba, banasema "sasa haina plombi". Kweli haina, lakini bii ya rulema ni chuma yenye ilipitishwa moto, ugumu yake inazidi mara mingi chembe ya chuma ya kiwanda, na bura ya ndani haikutengenezwa kuishika. Vipande vya kabo uzito haieleweki, baruti inabaki ile ya plombi, presio hakuna mutu anaijua. Tena ile mambo ya kufunga bunduki ku pneu na kuvuta kamba mara moja, kisha kusema imepita, haithibitishi kitu, kanoni inaweza kupita leo na kufunguka ku ya kumi.

Na zile pupu, zile bunduki zenye zinachomelewa mu mukini na tiyo ya maji, kwazo sina kartushi ya kushauri. Tiyo ya maji haikupimwa kwa bar 740 wala kwa nusu yake.

Karatasi usisahau. Windaji kwetu inaongozwa na sheria 82-002 ya 28 Mei 1982, silaha na masasi na ordonanse-loi 85-035 ya 3 Septemba 1985. Permi ya kushika na permi ya kuwinda ni bintu mbili, na mu parki ya Upemba ao ya Kundelungu hakuna kupiga hata kama uko na zote. Kartushi za bismuti mara mingi zitatoka inje, kwa hiyo uliza ruhusa mbele ya kulipa, maana kuzipitisha ku mupaka ya Kasumbalesa mu begi ya nguo bila karatasi ni kujitafutia gereza. Ku ndege ya kusafiri, kampuni mingi zinapokea kilo 5 ya kartushi kwa mutu, mu soute (tumbo ya ndege, fasi ya mizigo), kwa kutangaza mbele, na inchi ya kutoka na ya kufika zote zikubali.

Ukizipata, siku ya kwanza piga mbili tu kwa kila kanoni, ku kartoni kubwa mita 30, fasi yenye nyuma yake ni udongo laini. Kisha kila risasi angalia kitako ya kartushi: pale kepsi iligongwa, ikitoka imelala bapa kabisa ao imetoboka, ao plastiki imepasuka ku mdomo, ao ganda inakataa kutoka, simama. Rudi nyumbani, toa kanoni, safisha, angalia ndani ukielekeza ku dirisha, kisha pitisha vidole inje santimita kumi za mwisho karibu na mdomo. Ukiona pete ya kivuli ndani ao vidole vinasikia mufupa mudogo wenye haukuwako, usipige tena, peleka kwa fundi, na mubebee bwate ya kartushi pia, atahitaji kusoma urefu na gramu.